Koča Popović, mshairi aliyekuwa jenerali na waziri: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukisoma habari za Vita Baridi kwa Kiswahili, Yugoslavia huwa na jina moja tu: Tito, kiongozi wake. Waliobeba kazi ya kila siku ya kuiweka nchi hiyo kati ya Moscow na Washington bila kumezwa na yeyote hawatajwi. Koča Popović aliibeba kazi hiyo kwa miaka 12 mfululizo, na naamini historia ya Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote haieleweki vizuri bila yeye. Haya ndiyo maswali yanayozuka kila jina lake linapotajwa. Mengine yanahitaji jibu refu, mengine sentensi mbili zinatosha.

Koča Popović alikuwa nani?

Jina lake kamili ni Konstantin Popović. Alizaliwa Belgrade, Serbia, tarehe 14 Machi 1908, akafariki katika mji huo huo tarehe 20 Oktoba 1992. Kati ya tarehe hizo mbili alikuwa mshairi, mwanafalsafa, askari wa mizinga huko Hispania, kamanda wa Partisani (wapiganaji wa msituni wa Tito katika Vita Kuu ya Pili), Mnadhimu Mkuu wa jeshi la Yugoslavia (1945–1953), Waziri wa Mambo ya Nje (1953–1965) na Makamu wa Rais (1966–1967). Mwaka 1972 aliachana na siasa na hakurudi tena.

Jina hilo hutamkwaje?

Herufi č ya Kiserbia ni "ch" yetu, kwa hiyo ni "Kocha". Ć ya mwisho nayo ni "ch" laini zaidi: "Popovich". Angalieni msimchanganye na Vladimir Popović wa kipindi hicho hicho, aliyekuwa balozi Moscow na baadaye Washington. Popović ni jina la ukoo lililojaa tele Serbia.

Ni kweli kwamba alitoka katika familia ya matajiri?

Ni kweli, na hakulificha jambo hilo. Baba yake, Aleksandar, alikuwa mfanyabiashara na mwenye viwanda, mmoja wa watu wenye fedha Belgrade. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza familia iliishi Uswisi, na mtoto akakua akizungumza Kifaransa kama lugha ya nyumbani. Baadaye alikwenda Paris kusoma falsafa katika Chuo Kikuu cha Sorbonne. Kifaransa hicho kilikuja kumfaa sana alipokuwa waziri, kwa kuwa wakati ule sehemu kubwa ya diplomasia, hasa na viongozi wa Afrika Magharibi na Kaskazini, iliendeshwa kwa lugha hiyo.

Mshairi aliingiaje katika ukomunisti?

Paris ya miaka ya 1920 ilikuwa kitovu cha usurealisti, ule mkondo wa sanaa uliotaka ndoto na mambo yasiyofuata akili ya kawaida yapewe nafasi sawa na hoja. Koča alikuwa mmoja wa vijana 13 wa Belgrade waliotia saini tamko la wasurealisti mwaka 1930. Mwaka uliofuata, yeye na rafiki yake Marko Ristić walichapisha andiko zito la falsafa kuhusu mambo yasiyo ya kiakili. Ristić naye alikuja kuwa balozi wa Yugoslavia jijini Paris baada ya vita. Utaona kwamba kikundi kile kidogo cha washairi kilitoa wanadiplomasia.

Hali ya nchi ndiyo iliyowasukuma zaidi. Mfalme Aleksandar alikuwa ametangaza utawala wa kidikteta Januari 1929, na Chama cha Kikomunisti kilikuwa kimepigwa marufuku tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kwa kijana aliyechukia ubepari wa nyumbani kwao na udikteta wa mfalme, kujiunga na chama hicho mwaka 1933 kulikuwa kuchagua jela, kwani cheo hakikuwepo cha kugombania.

Alifanya nini Hispania?

Alikwenda mwaka 1937, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, kuitetea serikali ya Jamhuri dhidi ya waasi wa Jenerali Franco. Wageni wengi walipigana katika Brigedi za Kimataifa, lakini Koča alihudumu kama ofisa wa mizinga ndani ya jeshi la Jamhuri lenyewe. Alikuwa amepitia mafunzo ya ofisa wa akiba wa mizinga kwao, na ujuzi huo ulikuwa adimu. Jamhuri iliposhindwa mwaka 1939 alivuka mpaka pamoja na maelfu ya wengine, akafungiwa katika kambi za Ufaransa kabla ya kurejea Yugoslavia. "Wahispania", kama walivyoitwa nyumbani wale waliorudi kutoka vita ile, ndio waliokuja kuwa uti wa mgongo wa makamanda wa Partisani.

Brigedi ya Kwanza ya Proletari ilikuwa nini?

Ni kikosi cha kwanza cha Partisani ambacho hakikufungwa na wilaya yake; "proletari" maana yake ni tabaka la wafanyakazi. Kabla ya hapo wapiganaji walilinda vijiji vyao na hawakupenda kwenda mbali. Tarehe 21 Desemba 1941, katika mji mdogo wa Rudo mashariki mwa Bosnia, wapiganaji 1,199 kutoka Serbia na Montenegro walipangwa katika brigedi iliyokuwa tayari kwenda popote. Kamanda wake alikuwa Koča, mwenye umri wa miaka 33.

Mwezi mmoja baadaye brigedi hiyo ilizingirwa upande wa Sarajevo. Njia iliyobaki ilikuwa kupita juu ya mlima Igman usiku, tarehe 27 kuamkia 28 Januari 1942, kwenye baridi iliyofika nyuzi 32 chini ya sifuri. Hebu fikiria mstari wa watu wanaotembea mmoja nyuma ya mwenzake katika theluji, hakuna kuwasha moto, hakuna kuketi, maana aliyeketi hakuamka. Waliofika mji wa Foča wakiwa na miguu iliyoganda walikatwa vidole bila dawa ya ganzi. Hadi leo, watu wa nchi zote zilizotokana na Yugoslavia wakisikia "Igman" wanajua unazungumzia usiku gani.

Na Sutjeska?

Mei na Juni 1943, majeshi ya Ujerumani, Italia na washirika wao, zaidi ya watu 100,000, yaliwazunguka Partisani wapatao 22,000 kwenye mabonde ya mto Sutjeska. Partisani hao walikuwa na maelfu ya majeruhi na wagonjwa. Koča wakati huo aliongoza Divisheni ya Kwanza ya Proletari. Tarehe 9 Juni bomu lilimjeruhi Tito mkononi. Alfajiri ya tarehe 10 divisheni ya Koča ilitoboa mstari wa Wajerumani, na makao makuu yakapita kwenye tundu hilo.

Divisheni ya Tatu, iliyobaki nyuma na majeruhi, haikufika kwa wakati. Kamanda wake, Sava Kovačević, aliuawa tarehe 13 Juni, na majeruhi wengi walichinjwa. Zaidi ya Partisani 7,000 walikufa katika mapigano yale. Ndiyo maana ushindi wa Koča siku ile umebaki na kidonda pembeni yake, na anayeusimulia bila kuwataja waliobaki bondeni anasimulia nusu.

Ni kweli alikaa meza moja na Wajerumani?

Ndiyo. Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, kana kwamba ni siri, ilhali ni jambo linalojulikana. Tarehe 11 Machi 1943, katika mji wa Gornji Vakuf, wajumbe watatu wa Partisani walikutana na maofisa wa Kijerumani: Milovan Đilas, Vladimir Velebit na Koča Popović. Jambo la kwanza mezani lilikuwa kubadilishana mateka. Partisani pia walitaka watambuliwe kuwa jeshi halali la vita, ili wapiganaji wao wakikamatwa wasipigwe risasi papo hapo. Na waliandika kwamba adui wao mkubwa kwa wakati ule ni Wachetnik, wale wapiganaji wa mfalme.

Mateka kadhaa walibadilishwa, kisha Hitler na waziri wake von Ribbentrop walikataa mazungumzo yasiendelee. Koča alikuwa amekwisha rudi kwenye divisheni yake. Kwa miongo mingi serikali ya Yugoslavia haikupenda habari hiyo izungumzwe. Mimi siioni kuwa usaliti, kwa kuwa miezi mitatu baadaye watu hao hao walikuwa wanakufa Sutjeska mikononi mwa Wajerumani hao hao. Lakini kuificha kulikuwa kosa, na kuliwapa maadui zao kisu cha bure.

Alikuwa na nafasi gani Tito alipogombana na Stalin?

Alikuwa Mnadhimu Mkuu, yaani mtu ambaye kila alfajiri alipaswa kujua kama vifaru vya Kisovieti vimevuka mpaka. Tarehe 28 Juni 1948 Yugoslavia ilifukuzwa kutoka Cominform, jumuiya ya vyama vya kikomunisti iliyoongozwa na Moscow. Mtangulizi wake katika cheo hicho, Jenerali Arso Jovanović, alichagua upande wa Stalin, akauawa kwa risasi Agosti mwaka huo akijaribu kutorokea Romania.

Jeshi lilikuwa limejengwa kwa silaha na vitabu vya Kisovieti, na sasa vipuri vilikuwa havipatikani. Mwaka 1951 Koča alisafiri hadi Washington kuomba silaha. Tafakari hapo: jenerali mkomunisti, mwenye nyota nyekundu kofiani, anawapelekea Wamarekani orodha ya mahitaji wakati vita vya Korea vinaendelea. Mkataba wa msaada wa kijeshi ulitiwa saini tarehe 14 Novemba 1951. Yugoslavia ilipata silaha na haikujiunga na NATO, umoja wa kijeshi wa nchi za Magharibi. Kwangu mimi diplomasia yake ilianzia pale, miaka miwili kabla hajapewa wizara.

Je, aliwahi kuwa balozi?

Hapana. Alitoka jeshini Januari 1953 akaingia moja kwa moja wizarani, akichukua nafasi ya Edvard Kardelj. Watu humwita mwanadiplomasia kwa sababu ya miaka ile 12.

Kama waziri, alifanya nini cha kukumbukwa?

Alianza kwa kuziba mipaka. Tarehe 28 Februari 1953, mwezi mmoja na nusu baada ya kuapishwa, alitia saini mkataba wa urafiki na Ugiriki na Uturuki jijini Ankara. Nchi hizo mbili zilikuwa wanachama wa NATO, kwa hiyo Yugoslavia ilipata kivuli cha NATO bila kuingia ndani ya nyumba. Agosti 1954 walitia saini mkataba wa pili, wa kijeshi, huko Bled. Baadaye Ugiriki na Uturuki zilikosana juu ya Kupro na mkataba ukafifia, ila ulikuwa umekwisha fanya kazi yake. Oktoba 1954 ugomvi na Italia juu ya mji wa Trieste ukamalizwa kwa hati ya London. Mei 1955 Khrushchev mwenyewe, kiongozi wa Wasovieti, akatua Belgrade kutafuta upatanisho.

Katika mgogoro wa Suez mwaka 1956, Israel, Uingereza na Ufaransa zilipoivamia Misri, Yugoslavia ilikuwa kwenye Baraza la Usalama, na azimio lililoitisha kikao cha dharura cha Baraza Kuu lilikuwa lake. Kikao hicho ndicho kilichozaa jeshi la kwanza la kulinda amani la Umoja wa Mataifa, na askari wa Yugoslavia walikuwa Sinai tangu 1956 hadi 1967.

Gharama nazo zilikuwepo. Oktoba 1957 Yugoslavia ilipoitambua Ujerumani Mashariki, Ujerumani Magharibi ilivunja uhusiano mara moja, na haukurudi hadi 1968, Koča akiwa amekwisha ondoka wizarani.

Vipi kuhusu Hungary?

Hapa ndipo pagumu. Asubuhi ya tarehe 4 Novemba 1956, vifaru vya Kisovieti vilipoingia Budapest kuzima uasi wa Wahungaria, Waziri Mkuu Imre Nagy na wenzake walikimbilia ubalozi wa Yugoslavia wakiwa na wake na watoto. Walikaa humo siku 18. Mwanadiplomasia mmoja wa Yugoslavia aliuawa humo kwa risasi za kifaru. Serikali mpya ya János Kádár, iliyowekwa na Wasovieti, iliandika ahadi kwamba wakitoka hawataguswa. Tarehe 22 walipanda basi lililowasubiri nje, na Wasovieti wakalikamata. Nagy alinyongwa Juni 1958.

Wizara ya Koča ilipinga kwa maandishi. Lakini siku mbili kabla ya uvamizi, Tito alikuwa amekutana na Khrushchev katika kisiwa cha Brioni cha Yugoslavia na hakuupinga. Koča hakuwa kwenye kikao hicho. Hata hivyo alikuwa waziri wa serikali hiyo, akabaki kwenye kiti. Anayempenda, kama mimi, lazima aliseme hili.

Kwa nini Waalgeria wanamkumbuka?

Yugoslavia ilisaidia ukombozi wa Algeria kwa silaha, matibabu ya majeruhi na picha za sinema, wakati nchi nyingi za Ulaya zikiogopa kuiudhi Ufaransa. Januari 1958 jeshi la majini la Ufaransa liliisimamisha meli ya Yugoslavia iitwayo Slovenija, likapakua tani 148 za silaha. Paris ilikasirika, Belgrade ikadai mzigo wake urudishwe, na misaada haikukoma. Waziri aliyekulia katika Kifaransa, aliyesoma Sorbonne, ndiye aliyepaswa kuwakabili Wafaransa juu ya jambo hilo. Mkutano wa 1961 ulipokuwa ukiendelea Belgrade, Yugoslavia ilitangaza kuitambua rasmi serikali ya muda ya Algeria.

Mkutano wa Belgrade wa 1961 ulikuwaje?

Ulifanyika tarehe 1 hadi 6 Septemba 1961 na ulikuwa mkutano wa kwanza wa wakuu wa Nchi Zisizofungamana. Nchi 25 zilishiriki kikamilifu na 3 za Amerika Kusini zilikuwa waangalizi. Nehru wa India, Nasser wa Misri, Sukarno wa Indonesia, Nkrumah wa Ghana na Haile Selassie wa Ethiopia walikuwepo. Kutoka Congo walikuja pamoja Waziri Mkuu Cyrille Adoula na naibu wake Antoine Gizenga, mfuasi wa Lumumba, miezi michache tu baada ya kuuawa kwa Lumumba.

Ukuta wa Berlin ulikuwa na wiki tatu. Kisha, mkutano ukianza, Wasovieti wakarudia majaribio ya silaha za nyuklia. Tito aliwalaumu kwa upole kuliko ilivyotarajiwa, jambo lililomuudhi sana George Kennan, balozi wa Marekani Belgrade. Mwishoni barua mbili zinazofanana ziliandikwa, moja kwa Kennedy na moja kwa Khrushchev: Sukarno na Modibo Keïta wa Mali walipeleka ya Washington, Nehru na Nkrumah ya Moscow.

Wengi wanadhani mkutano ule ulizaliwa kisiwani Brioni mwaka 1956, Tito, Nehru na Nasser walipopiga picha pamoja. Picha ilipigwa kweli. Ila viongozi 25 wenye ugomvi wao kwa wao hawakusanyiki mji mmoja kwa sababu ya picha. Kuna ajenda ya kupatana, kuna nani aalikwe na nani asialikwe, kuna neno moja ndani ya tamko linalobishaniwa usiku kucha. Kazi hiyo hufanywa wizarani.

Ana uhusiano gani na Afrika Mashariki?

Mdogo, lakini upo. Septemba 1961 Tanganyika ilikuwa bado imebakiza miezi mitatu kupata uhuru, kwa hiyo haikuwepo Belgrade. Katika mkutano wa pili, Cairo, Oktoba 1964, Kenya, Uganda, Burundi na Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar zilishiriki zote. Jina la Tanzania lilikuja wiki chache tu baadaye. Ni mkutano huo ambao Moïse Tshombe, Waziri Mkuu wa Congo wakati huo, alizuiwa kuuhudhuria ingawa alikuwa amekwisha fika Cairo.

Lumumba alipouawa, waandamanaji wa Belgrade waliuvamia ubalozi wa Ubelgiji Februari 1961, na bweni la wanafunzi mjini humo lina jina la Lumumba hadi leo. Dar es Salaam ilipopokea mkutano wa maandalizi wa Nchi Zisizofungamana Aprili 1970, Koča alikuwa amekwisha ondoka wizarani.

Kwa nini aliacha siasa mwaka 1972?

Serbia ya wakati huo iliongozwa na kizazi kilichotaka uchumi wa soko zaidi, chama kisichoingilia kila kitu, na Serbia isiyojifanya kaka mkubwa wa jamhuri nyingine. Kiongozi wao alikuwa Marko Nikezić, akiwa pamoja na Latinka Perović. Tito hakuwapenda. Oktoba 1972 aliwaita, wakabishana naye kwa siku kadhaa, na kabla mwezi haujaisha wote wawili walikuwa wamejiuzulu.

Koča, aliyekuwa kwenye Urais wa pamoja wa nchi, alikuwa upande wao. Angeweza kukaa kimya: alikuwa shujaa wa taifa, na hakuna aliyekuwa akimtafuta yeye. Novemba 1972 aliacha vyeo vyote.

Sasa tazama orodha ya mawaziri wa mambo ya nje. Koča Popović, 1953 hadi 1965. Marko Nikezić, 1965 hadi 1968. Mirko Tepavac, 1969 hadi 1972. Watatu waliofuatana, na wote watatu waliondoka katika siasa vuli ile moja. Mimi hudhani si bahati mbaya. Mtu aliyezoea kuzungumza na dunia nzima hupata shida kurudi kwenye chama kinachotaka sauti moja.

Je, alikuwa mpenda demokrasia?

Tusimvike nguo isiyo yake. Alikuwa kwenye uongozi wa juu wa nchi ya chama kimoja, nchi ambayo tangu 1949 iliwafunga maelfu ya waliotuhumiwa kumuunga mkono Stalin katika kisiwa cha Goli Otok. Cheo cha Makamu wa Rais alikipata mwaka 1966 baada ya kuanguka kwa Aleksandar Ranković, aliyekuwa mkuu wa usalama, na hilo lilimweka upande wa wanamageuzi. Hayo yote ni kweli kwa pamoja.

Aliishije baada ya hapo, na alifariki vipi?

Aliishi kati ya Belgrade na Dubrovnik, mji wa pwani ya Kroatia. Hakuomba kurudishiwa chochote. Katika uzee wake alizungumza waziwazi na mwandishi wa habari kuhusu maisha yake, na utaifa wa Kiserbia uliokuwa ukipanda chini ya Slobodan Milošević, kiongozi wa Serbia, aliukataa.

Oktoba 1991 Jeshi la Wananchi la Yugoslavia, jeshi ambalo yeye alikuwa Mnadhimu wake Mkuu tangu 1945 hadi 1953, liliizingira Dubrovnik na kuipiga mizinga. Alifariki mwaka mmoja baadaye, tarehe 20 Oktoba 1992, akiwa na miaka 84. Tarehe 20 Oktoba ndiyo siku ambayo, mwaka 1944, Partisani na Jeshi Jekundu waliikomboa Belgrade.